Shati Lilitangulia Kusema

Pasi aliitwa Pasi kwa sababu mbili, na zote mbili zilikuwa zinamuuma. Ya kwanza, alikuwa anapiga pasi kwenye duka la mjomba wake, dobi, kutwa nzima. Ya pili, mtihani wa mwisho wa shule hakupasi. Wenzake walikuwa wakimtania, "Pasi asiyepasi," wanacheka, na yeye anacheka nao. Halafu wenzake wakaondoka. Mmoja chuo cha ualimu, mwingine kwa kaka yake kujifunza umeme, mwingine hata hakuaga, zikasikika tu habari kwamba yuko mbali na amenenepa. Utani ukabaki bila watani. Simu ya Pasi ikageuka saa, kazi yake kuangaliwa muda basi.

Usicheze na upweke wa dobi. Unashika nguo za watu mpaka unawajua. Unajua nani kakonda, nani kaanza kujipulizia manukato, nani analia na kujifutia mikono ya shati. Lakini mwenye nguo akiingia, anakuangalia kama anavyoiangalia henga ya kutundikia nguo. Mjomba naye alikuwa mtu mwema, ila maneno alikuwa anayatumia kama wanga wa kukazia nguo, kidogo, tena kwenye kola tu.

Ndipo akaanza kuja yule binti wa mashati.

Alikuja kila Jumamosi na mfuko wa mashati meupe ya baba yake, ambaye ni msimamizi wa mapokezi hotelini. Mashati yenyewe yalikuwa ya ajabu. Safi, yananukia sabuni, lakini yamekunjamana kama yametoka mdomoni kwa ng'ombe.

"Huyu mzee analala na shati?" mjomba aliuliza siku ya kwanza.

"Ana usingizi mbaya," binti akajibu, akakaa kwenye benchi. Watu wengine huacha nguo wakaenda zao. Yeye alikaa, akatoa kitabu chembamba chenye rangi kali, akaanza kusoma.

Pasi alivumilia mashati mawili. La tatu likamshinda.

"Dada, unasoma nini?"

"Kitabu."

"Mbona kina picha tupu? Cha watoto?"

Binti akakishusha kitabu mpaka puani, yakabaki macho. "Baba yangu naye anasema hivyo hivyo. Kwani chama chenu mko wangapi?"

Pasi akaona aibu, akapiga pasi kola ambayo ilikuwa imeshanyooka. "Samahani. Kinahusu nini?"

"Vijana watano, umri wetu. Asubuhi wanasoma, mchana wanaokoa mji. Wanajiita Zamu ya Pili."

"Na shuleni wanafaulu?"

"Watatu wamefeli. Utaokoaje mji halafu ukumbuke hesabu?"

Pasi akaiweka pasi pembeni. Tangu matokeo yatoke, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza neno kufeli kupita masikioni mwake bila kuchoma. Akajikuta anacheka, kicheko kimekaa muda mrefu mpaka kina vumbi.

"Na mimi nikitaka kusoma, nianzie wapi?"

"Hapo ndipo watu wanapopotea. Namba moja ziko tatu."

"Moja itakuwaje tatu?"

"Wachoraji wana hasira. Ni vijana tu, wanachora wenyewe, wanachapa kwenye mashine ya fotokopi ya rangi pale stendi. Wakigombana, wanaanza upya namba moja. Wakipatana, wanaanza tena." Akasogea, akainua kidole kama mwalimu. "Wewe usianze na moja yoyote. Zote ni ngumi. Anza na saba."

"Saba? Sasa nitawajuaje?"

"Kwani mjomba wako ulimjua kuanzia namba moja? Ulimkuta ana kipara, ukamzoea. Kwenye namba saba hakuna vita. Wanakaa juu ya paa, wanakula, wananyamaza. Ukiwapenda wakiwa wamenyamaza, utawapenda wakipigana."

Akamwachia ile namba saba chini ya mfuko mtupu. "Baba asijue," alisema. "Aliniambia nikitaka chuo niachane na katuni, nikamwambia nimezigawa zote. Akiiona hata moja, ataziwasha moto na mimi niko pembeni nashika kiberiti."

Jioni ile Pasi akasoma. Chumba chake kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Akawakuta juu ya paa watano wale. Mapacha wanaotoa umeme kwenye vidole na kugombania kipande cha mkate. Jitu moja changa linaloogopa giza. Sikio, msichana anayesikia mpaka mtaa wa nne, mwenye sikio moja kubwa kama jani. Na pembeni kabisa, mgongo kaugeuza, yule wanayemwita Kisahau. Nguvu yake Kisahau ni kwamba akitoka mlangoni, watu wote waliokuwa naye wanamsahau. Anaingia benki kwa majambazi, anatoka, hakuna anayemkumbuka. Kazi inakwenda vizuri. Lakini hata mama yake mzazi kila siku humkaribisha kama mgeni. Kuna namna moja tu ya kukwepa hilo: muagane. Ukimuaga vizuri kabla hajatoka, utamkumbuka.

Pasi akaisoma mara ya pili, pole pole. Ule ukuta wa jirani akausahau kabisa.

Jumamosi iliyofuata binti hakusalimia hata. "Nani umempenda?"

"Yule Kisahau."

"Nilijua."

"Umejuaje?"

"Unavyoinama kwenye hiyo meza. Kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo."

Neno lile lilimwingia Pasi mpaka mifupani. Hakuna mtu alikuwa amemtazama kiasi hicho. Alitaka kujibu kitu cha maana, akasema, "Kola ngapi leo?" Binti akacheka, akampa namba nane.

Ndivyo ilivyokwenda, Jumamosi baada ya Jumamosi. Yeye na katuni, mashati na mvuke, maneno kidogo na macho mengi. Siku nyingine vidole viligusana chini ya mfuko, na hakuna aliyevitoa haraka. Siku sita za wiki Pasi alikuwa mtu wa kungoja, ya saba alikuwa mtu. Mpaka Jumamosi moja binti akaingia, akakaa, wala hakutoa kitabu.

"Nimepata chuo," akasema. "Uuguzi. Mbali. Miaka mitatu."

Pasi akahisi kama mtu kazima redio ndani ya kifua chake. "Hongera," akasema.

"Hongera tu?"

"Hongera sana."

Binti akamwangalia kwa muda. "Naondoka Jumatatu, si hii, ile inayofuata. Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho." Akaacha mashati mezani na namba kumi na mbili juu ya benchi, akatoka bila kugeuka. Pasi akabaki anajitukana kimoyomoyo matusi yote anayoyajua, na mengine akayabuni.

Akaweka nia. Jumamosi atasema, liwalo na liwe. Atamrudishia katuni yake, na atasema.

Lakini mwenye nia na mwenye mikono wasipoelewana, kazi huharibika. Alikuwa anaisoma ile namba kumi na mbili dukani, mezani kabisa, kopo la kunyunyizia maji likapinduka. Ukurasa wa katikati ukalowa, ukajikunja. Mtu mwingine angeuanika juani. Dobi anafanya nini akiona kitu kimekunjamana? Pasi akaulaza mezani, akaugandamiza kwa pasi ya moto, mvuke juu. Hakukumbuka kwamba chini ya ukurasa kulikuwa na shati jeupe la baba wa binti, bado bichi.

Alipouinua, ukurasa ulikuwa umepauka. Na mgongoni mwa shati alikuwa amekaa Sikio, uso mzima, sikio lake kama jani, na maneno aliyokuwa anamwambia Kisahau, yamegeuka nyuma mbele.

Alilifua mara nne. Wino wa fotokopi ukipikwa na pasi, umekioa kitambaa, hautoki. Akasema atalificha, amtafute binti, amweleze. Akalikunja, mgongo ndani, akalisukuma pembeni. Kurudi kutoka kumpelekea mteja suti yake, akakuta pembeni peupe.

"Mjomba, lile shati la pale?"

"Mashati ya hotelini? Binti kapita mbio, kamwacha mama yake sokoni, wananunua vitu vya chuo. Nimempa yote."

Pasi akakaa chini kama gunia.

Jumamosi ilipofika, mlango ulifunguka, Pasi akainua uso. Hakuwa binti. Alikuwa mzee mrefu, kavaa koti zito kwenye joto lile, jasho linamtiririka. Nyuma yake ndipo alipokuwa binti, macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Habari za kazi," mzee alisema, kwa sauti ile ya mtu wa mapokezi, laini kama shuka mpya.

"Nzuri, mzee, karibu," mjomba akasema. "Vua koti, humu ndani ni jiko."

"Hilo koti ndilo tatizo langu." Akalivua. Akageuka.

Dukani, kwenye ukuta wa pembeni, kulikuwa na kioo kirefu cha wateja. Mzee alikuwa amekipa kioo mgongo, na ndani yake yale maneno yaliyogeuka yakageuka tena, yakasomeka vizuri kabisa: USIONDOKE BILA KUNIAGA.

Mjomba akaanza kukohoa, kikohozi kisicho na mafua.

"Nyuma ya meza yangu ya kazi," mzee akasema, bado kakipa kioo mgongo, "kuna kioo, ukuta mzima. Jana joto lilizidi, nikavua koti. Mgeni wa kwanza anafika na mabegi yake, anasoma, ananiambia, 'Bwana, mimi ndiyo kwanza nafika, nani kakwambia naondoka?' Nikadhani ana uchovu wa safari. Wa pili akasema, 'Nitakuaga, usijali.' Wa tatu mama mmoja akanishika mkono, akaniambia, 'Pole, ataenda lakini atarudi.' Saa nzima nahurumiwa na sijui msiba wangu ni upi."

Akageuka. "Nyuma ya kola nikakuta kijitambaa cha namba chenye jina la duka lenu. Nani kayaandika haya?"

Pasi akamtazama binti. Binti akatikisa kichwa kidogo sana, uso umemwisha rangi. Kwenye macho yake kulikuwa na moto wa katuni, kiberiti, na chuo ambacho baba angeweza kukifuta kwa neno moja.

"Ni mimi, mzee," Pasi akasema.

"Na huyu msichana wa sikio?"

"Nimemchora mimi."

"Kumbe una kipaji." Mzee akachomoa kalamu mfukoni, akavuta karatasi ya kufungia nguo. "Mchore tena."

Mjomba akanong'ona kwa dari, "Huyu hata duara hajui."

Pasi akachora. Uso ukatoka kama kiazi, sikio likatoka kama mguu wa bata. Mzee akakishika kile kiazi kwenye mwanga, akakitazama kwa makini, kwa heshima zote.

"Huyu ni ndugu yake?" akauliza.

Kicheko kikamponyoka binti. Akaziba mdomo, lakini kilishatoka, na nyuma yake yakafuata machozi.

"Baba, si yeye. Ni katuni yangu. Sikuzigawa. Nilimwazima, ikalowa, akainyoosha juu ya shati lako. Alijua utanikasirikia mimi, ndiyo maana anajibebesha lawama."

Mzee akakiweka kile kiazi mezani.

"Sawa," mzee akasema taratibu. "Katuni nimeielewa. Kuna kingine bado. Mama yako ananipigia pasi mashati yangu kila Ijumaa, miaka yote ya ndoa. Shati langu halijawahi kutoka nje ya nyumba bila mimi kuwemo ndani. Limefikaje huku?"

Hapo Pasi akamgeukia binti.

Binti akajifuta uso. "Nilikuwa nayakunja."

"Unayakunja."

"Jumamosi asubuhi, ukishaenda kazini. Nayatoa kabatini, nayakalia. Halafu nayaleta."

"Unayakalia mashati yangu?"

"Nayakalia nikiwa nasoma, baba. Yapate kukunjamana."

Mjomba akageukia ukuta, mabega yanacheza. Pasi hakuona chochote cha kucheka. Aliyaona mashati yote yale, moja baada ya jingine, yaliyopita mikononi mwake, na yeye akayanyoosha haraka haraka kama mjinga, akadhani ni kazi.

Mzee alimtazama binti yake, kisha akamtazama Pasi. "Jina lako nani, kijana?"

"Wananiita Pasi."

"Shuleni ulipasi?"

"Hapana, mzee."

"Mwanangu keshokutwa anakwenda kusoma. Wewe unakwenda wapi?"

Pasi akaitazama pasi yake. "Nipo," akasema mwishowe.

Ni mjomba aliyeingilia. "Mzee, kaa nyuma ya pazia unipe hilo shati. Nina dawa ya madoa. Siahidi, lakini nitaligombeza."

Mzee akasita, akaingia nyuma ya pazia. Mkono mrefu ukatoa shati. Na hapo ndipo ilipobainika kwamba mtu mzima, mwenye heshima zake, asiye na shati, hawezi kutoka nyuma ya pazia.

"Nasikia kila kitu," sauti ikasema kutoka huko.

Binti na Pasi wakabaki wanatazamana, meza ya pasi katikati.

"Mbona hukuniambia?" Pasi akauliza, chini chini.

"Nikwambie nini? Kwamba nakaa juu ya mashati? Mtu anaanzaje kusema kitu kama hicho?"

"Mimi nilitaka kukwambia leo."

"Niambie."

Pasi akaliangalia pazia. Halikutikisika. "Mimi katuni sikuzitaka, mwanzoni. Nilitaka uendelee kukaa pale kwenye benchi. Halafu nikazipenda kweli, nikachanganyikiwa, nikawa sijui nakungoja wewe au nawangoja wao. Sasa unakwenda na nimejua. Wale nikiwakosa nitawasoma tena. Wewe nikikukosa..." Akalisogeza kopo la maji pembeni. "Wenzangu wote walikwenda. Nilikuwa nimezoea. Umekuja ukanizoesha vibaya."

Binti akaweka kiganja juu ya meza, pale ambapo kitambaa bado kilikuwa na joto. "Unafikiri mimi naenda kwenye watu? Naenda kwenye bweni la vitanda ishirini, simjui hata mmoja. Nitalala nimegeukia ukuta, kama wewe."

"Umejuaje nalala hivyo?"

"Wote tunalala hivyo."

"Nikungoje?"

Hilo swali lilimuuma binti, Pasi akaona usoni mwake. Binti akafikiri, hakuharakisha, na Pasi akampenda zaidi kwa kutoharakisha.

"Usiningoje," akasema. "Miaka mitatu ukikaa unaangalia mlango, nikirudi nitakuta mlango tu. Ondoka na wewe, popote. Rudia mtihani, jifunze kuchora, maana unahitaji sana. Kisha nikirudi, tutafutane."

"Na ukikuta siko hapa?"

"Nitauliza."

"Na kama hukurudi?"

Binti akanyoosha mikono juu ya meza. Akauchukua mkono wa Pasi, ule wenye makovu madogo ya kuungua, akaushika kwa mikono yake miwili, muda wa kutosha. Nyuma ya pazia mzee alikohoa mara moja, kikohozi cha kweli.

Mjomba akarudi na shati. Maneno yalikuwa yamefifia, sikio limebaki kama kivuli cha jani. "Limegoma," akasema. Mzee akalivaa, akatoka, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. Alipofika mbele ya Pasi akasimama, kama anatafuta ile sauti yake ya mapokezi asiipate.

"Hizo katuni zilizobaki kwako," akasema, "usizirudishe nyumbani."

"Nizipeleke wapi, mzee?"

"Sikusema uzipeleke mahali." Akatupa koti begani. "Twende, mama."

Wakatoka. Pasi akawafuata mpaka mlangoni, akasimama kizingitini. Barabara ilikuwa na jua na watu wanaokwenda kwenye shughuli zao. Binti alitembea hatua moja nyuma ya baba yake, mgongo umenyooka, na Pasi akawa anamwomba kimoyomoyo ageuke, japo mara moja, japo kwa bahati mbaya. Hakugeuka. Walipofika kwenye kona, aliyegeuka alikuwa baba yake. Alimtazama Pasi kwa mbali, uso hausomeki, kisha akampisha binti yake atangulie, na kona ikawameza wote wawili.

"Pasi," mjomba akaita kutoka ndani. "Pasi, chuma kimewaka bure."

Hakusikia, au alisikia ikawa kama anaitwa mtu mwingine. Baada ya muda mjomba akaizima pasi mwenyewe. Akatoka na viti viwili, akaviweka nje ya mlango, akakaa kimoja. Pasi naye, taratibu, akakaa.